KIINGEREZA CHA KINYWANI: HOTUBA, MASHAIRI NA MAJADILIANO KATIKA SHULE YA SEKONDARI

(Hotuba iliyosomwa na mwalimu mmoja mbele ya wanachama na makarani, Ziba. Tumeipiga chapa kama ilivyosomwa, ila salamu za mwanzo tumezifupisha. — Mtengenezaji.)



 Barua yenu ya kuniita ilitaka niseme habari za kufundisha Kiingereza katika shule za sekondari. Chini ya barua hiyo Bwana Katibu aliongeza kwa mkono wake mwenyewe kwamba wanachama wengi wana watoto katika shule hizo, nao hustaajabu kuona mtoto amesoma Kiingereza miaka minne, madaftari yake yamejaa wino, walakini akiulizwa neno moja kwa lugha hiyo huinama akatazama miguu yake.

Swali hilo ni la haki. Kweli ada ya shule za Serikali iliondolewa tangu mwaka 2016. Lakini sare, madaftari, chakula na nauli havikuondolewa, na mzazi wa hapa Ziba huvilipa kwa fedha ya pamba, ya mpunga na ya ng'ombe. Yafaa ajue fedha yake imenunua nini.

Jibu langu nalitoa mapema, kisha nitalieleza. Mtoto yule hunyamaza kwa kuwa shuleni hakupewa jambo la kusema, wala hakupewa mtu wa kumwambia jambo hilo. Amepewa maneno ya kunakili. Lugha hukaa baina ya watu wenye shughuli. Mmoja ana haja, mwenziwe ana jibu. Ukiiondoa haja, yabaki maneno makavu, nayo husahauliwa siku ya pili ya mtihani. Dawa yake ninayoijua ni vitu vitatu: hotuba, shairi na majadiliano. Na juu ya vitatu hivyo naweka sharti moja, ya kwamba jambo lililosemwa kwa Kiingereza lirudishwe kwa Kiswahili, lipate kuwafaa watu wa nyumbani.

Kabla ya kutafuta shauri mbali, tuitazame kwanza njia yetu wenyewe. Nchi hii ya Unyamwezi ilikuwa njia panda ya misafara. Kutoka Bagamoyo misafara ilikuja hata Tabora, na pale njia ziligawanyika. Moja ikaenda Ujiji ziwani, na nyingine ikapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi wengi wa njia ile walikuwa Wanyamwezi, wakichukua pembe kwenda pwani na kurudi na nguo na shanga. Walirudi pia na mzigo usiolemea bega, nao ni Kiswahili. Nani aliyewafundisha? Hawakuwa na kitabu wala ubao. Walijifunza kwa kupatana bei, kwa kuomba maji, kwa kuitikia nyimbo za safari, na kwa kubishana kambini juu ya posho. Mwingereza Richard Burton alifika Kazeh, yaani Tabora, mwezi wa Novemba 1857. Na katika kitabu chake cha mwaka 1860 ameeleza jinsi safari ya kesho ilivyotangazwa kambini usiku kwa hotuba, na wasikilizaji wakaiitikia kwa sauti. Basi mpagazi alikuwa na hotuba, alikuwa na wimbo, na alikuwa na majadiliano. Ndivyo vitu vitatu vile vile ninavyovitaja leo, navyo vilimfunza lugha ya ugenini akiwa na mzigo kichwani.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Shule ya Serikali ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1925, na hapo kwanza ilikusudiwa hasa wana wa machifu. Mwaka 1937 aliingia pale kijana kutoka Musoma, Julius Kambarage Nyerere. Katika shughuli za shule alishiriki chama cha majadiliano. Baada ya kumaliza Makerere alirudi Tabora, akafundisha katika shule ya Wakatoliki ya St. Mary's tangu 1946 hata 1949. Darasani alikuwa na masomo yake ya kufundisha. Walakini baada ya saa za kazi aliwafundisha watu wazima wa mji Kiingereza bila malipo, na kuzungumza nao habari za siasa.

Tazameni yaliyofuata. Tarehe 7 Machi 1955 alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York, akaieleza haja ya Tanganyika kwa Kiingereza. Mwezi wa Januari 1958 TANU ilikutana papa hapa Tabora kushauriana juu ya kura tatu, ambazo kila mpiga kura alilazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wajumbe wengi walikuja na nia ya kuzikataa. Yeye akasimama akawasemesha kwa Kiswahili, na mwisho mkutano ukakubali kuingia katika uchaguzi. Shauri lile likaitwa Uamuzi wa Busara. Sisemi kwamba majadiliano ya shule ndiyo yaliyoleta Uhuru. Hilo lingekuwa neno la kitoto. Nasema kwamba mtu aliyeeleweka New York kwa Kiingereza ndiye aliyeeleweka Tabora kwa Kiswahili. Aliyezoea kupanga hoja zake kwa lugha moja, hupata nusu ya kazi imekwisha katika lugha ya pili.

Sasa nije kwenye shida yenyewe. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Serikali, na Kiingereza ni somo mojawapo tu. Mtoto aingiapo kidato cha kwanza hukuta jiografia, historia, hesabu na baiolojia, vyote kwa Kiingereza. Ni kama kumvusha mtu mto kwa kumtupa katikati yake. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walitoa taarifa baada ya kupima Kiingereza cha wanafunzi wetu. Wakaona kwamba walio wengi katika sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kufuata masomo yao. Mwaka ule ule Mwalimu Nyerere alikifananisha Kiingereza na Kiswahili cha dunia, akataka kiendelee kufundishwa. Miaka mingi imepita tangu taarifa ile, na walimu wenzangu walio katika kazi hii wajua kwamba shida ile haijaondoka.

Mwalimu akiona hawaelewi, hufanya lililo rahisi. Huandika ubaoni, nao hunakili. Huuliza, "Do you understand?" nao huitikia pamoja, "Yes, sir." Jibu lile ni adabu tu, si ufahamu. Na katika shule nyingine liko jambo baya zaidi: mtoto akisikiwa anasema Kiswahili au lugha ya mama yake, huvishwa kibao shingoni akae nacho mpaka amkamate mwenziwe. Kibao kile hakijamfundisha mtoto hata neno moja la Kiingereza. Kimemfundisha kunyamaza, na kumpeleleza rafiki yake. Mtoto aliyefungwa kinywa kwa aibu ya lugha mbili atasema kwa lugha gani?

Naanza na shairi, maana ndilo jepesi kwa mwoga. Maneno yamekwisha kutungwa na mwingine, yeye hana budi kuyatoa tu. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Twasema "kitabu" mkazo ukiwa kwenye "ta", nasi tukiongeza "kitabuni" mkazo wahamia kwenye "bu", bila mtu kutufundisha. Kiingereza hakina kanuni nyepesi namna hiyo. Neno "record" mkazo ukiwa mbele ni kumbukumbu. Ukiwa nyuma ni kitendo cha kuiandika. Tena maneno yetu huishia kwa vokali, na yao hujaa konsonanti zilizosongamana. Neno "strength" ni silabi moja tu, walakini mwanafunzi hulifanya silabi tano. Na sisi ambao lugha ya nyumbani ni Kinyamwezi au Kisukuma twajua jinsi l na r zinavyotuponyoka. Karani akiambiwa na mkubwa wake "collect" majalada, yaani ayakusanye, naye akasikia "correct", yaani ayasahihishe, mtaona wenyewe kazi itakavyoharibika.

Unaweza kumweleza mtoto mambo haya mwezi mzima asiyashike. Mpe shairi, alisome kwa sauti huku wenziwe wakipiga makofi penye mkazo; akikosea, makofi hayalingani, naye husikia kosa lake kwa masikio yake mwenyewe bila mtu kumwaibisha. Watoto wetu wazijua mizani. Wamefundishwa kwamba mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani kumi na sita, na wa utenzi minane. Basi nawaonyesha kwamba Mwingereza naye ana hesabu yake: huhesabu mapigo zaidi kuliko silabi, na Shakespeare mara nyingi huweka mapigo matano katika mstari usio na kina. Mtoto akifahamu kwamba mashairi ya Kizungu nayo yana sheria, huacha kuyaogopa.

Tena si lazima mashairi yawe ya theluji na maua tusiyoyajua. Mwaka 1980 Richard Mabala alitoa "Summons", mkusanyo wa mashairi ya Tanzania yaliyotungwa kwa Kiingereza. Na mwaka 1989 David Rubadiri alitoa "Growing Up with Poetry" kwa ajili ya shule za sekondari za Afrika. Humo mna mambo ambayo mtoto wa Ziba aweza kuyabishia, kwa kuwa anayajua. Desturi yangu ni hii: kila mwanafunzi ajifunze kwa moyo mistari kumi na miwili, aiseme mbele ya wenziwe, aeleze maana yake kwa Kiswahili, kisha aseme kwa Kiingereza chake mwenyewe, kizuri au kibovu, kama akubaliana na mtunzi au sivyo. Sehemu ya mwisho ndiyo yenye faida kubwa, maana hapo mistari ya mwingine imemtoa yeye neno lake.

Pili ni hotuba. Hapa hutumia mchezo wa Shakespeare uitwao "Julius Caesar", ambao Mwalimu Nyerere aliufasiri kwa Kiswahili mwaka 1963, akaurekebisha tena mwaka 1969 kwa jina la "Juliasi Kaizari". Ndani yake mna hotuba mbili juu ya maiti moja. Brutus, mmoja wa waliomwua Kaizari, huwaeleza watu sababu zake kwa maneno ya nathari, mafupi na yaliyopangwa, watu wakaridhika. Kisha Antony husimama, naye husema kwa shairi. Hawashutumu wauaji waziwazi, bali husifu na kuuliza, akaonyesha nguo yenye damu na kutaja wasia, hata watu wale wale waliokuwa wameridhika wakaondoka na moto mkononi. Nawafanya wanafunzi wawe ule umati. Kila mmoja ana karatasi, na kila mara moyo wake ugeukapo huandika neno lililomgeuza. Mwisho twalinganisha karatasi. Ndipo wanapojua kwamba maneno yana kazi, na kwamba yaweza kumpotosha mtu asiyeangalia. Somo hilo ni la Kiingereza, nalo ni la uraia pia. Mtu asiyejua jinsi anavyovutwa na hotuba atavutwa na kila hotuba.

Baada ya hapo hutunga hotuba zao. Kanuni zangu ni chache. Dakika tatu, zisizidi. Hoja tatu, zisizidi. Asisome karatasi, achukue kadi yenye maneno matano ya kumkumbusha. Jambo liwe la hapa: kisima, mnada wa ng'ombe, bei ya pamba, barabara wakati wa masika. Nami nalikataa neno kubwa alilolitoa kamusini asilojua kulitumia. Msikilizaji naye ana kazi yake: lazima aandike swali moja. Hivyo katika darasa la wanafunzi sitini, mmoja anasema na hamsini na tisa wanafanya kazi. Tena nikiwagawanya makundi kumi ya watu sita sita, kumi husema kwa wakati mmoja. Kelele ni nyingi, nami nimekwisha kuulizwa na walimu wenzangu kama darasa langu limeasi. Walakini katika saa moja kila mtoto amesema dakika tatu, naye pengine hakupata kusema dakika tatu katika mwaka mzima uliopita.

Tatu ni majadiliano, nayo ndiyo taji. Nyinyi makarani mnajua utaratibu wake kuliko mimi: mwenyekiti, mtoa hoja, mpinzani, wasaidizi wao, mtunza saa, na katibu wa kuandika kumbukumbu. Nasisitiza mambo mawili tu. La kwanza, kabla ya kumjibu mpinzani, sharti urudie hoja yake mpaka yeye mwenyewe akiri, "Ndivyo nilivyosema." Kanuni hii ni ngumu hata kwa watu wazima. Inamlazimu mtoto asikilize Kiingereza cha mwenziwe, na asimjibu mtu jambo asilolisema. La pili, msemaji hakatizwi kwa ajili ya kosa la sarufi. Mwalimu huandika makosa pembeni, na siku ya pili huweka matano ubaoni pasipo jina la mtu. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na nchi hii iliyosifika zamani kwa majembe yake ya chuma haihitaji kufundishwa methali hiyo.

Nitawapa mfano mmoja, nanyi mtaniwia radhi nisipotaja shule wala jina. Hoja ya siku ile ilikuwa kwamba shule ya kutwa ni bora kuliko shule ya bweni. Wavulana wawili walikuwa wamesema vizuri, na Kiingereza chao kilikuwa kimenyooka: shule ya kutwa ni ya gharama ndogo, mtoto husaidia nyumbani, wazazi humwona kila siku. Akasimama msichana wa kidato cha pili ambaye tangu mwaka uanze sikuwa nimesikia sauti yake. Akasema, "I am walk two hours. When I am reach, the lesson is finish. In the night I am not read. I am sleep." Akakaa. Yaani hutembea saa mbili, hukuta somo limekwisha, na usiku hawezi kusoma kwa uchovu.

Wako waliotaka kucheka, wakajizuia, maana kanuni wanaijua. Mvulana mmoja wa upande wa pili alipaswa kurudia hoja yake kabla ya kumjibu. Akairudia polepole kwa Kiingereza chake kizuri, na alipofika mwisho hakuwa na jibu. Akasema tu kwamba hilo hakulifikiri. Katika majadiliano yote niliyoyasimamia, nalihesabu lile kuwa jibu bora kuliko yote.

Siku ya pili yule msichana alikuja mwenyewe kuniuliza jinsi ya kusema maneno yake sawasawa. Tukaandika pamoja, "I walk for two hours. When I arrive, the lesson has finished." Sarufi ile nilikuwa nimeifundisha darasani mara nyingi bila yeye kuishika, siku ile aliishika mara moja, kwa kuwa sasa alikuwa na jambo lake la kuliweka humo. Kisha nikamwambia aliandike kwa Kiswahili, naye akaliandika vizuri sana. Karatasi ile ya Kiswahili ilisomwa mbele ya bodi ya shule, na wazee wa bodi wakakubali chumba kimoja kitengwe walale wasichana watokao mbali wakati wa masika. Vitanda havijatosha mpaka leo. Nitalirudia jambo hili kabla ya kukaa.

Najua yako masuto. Wengine husema, mtihani wa mwisho huandikwa kwa kalamu, basi kwa nini kupoteza saa kwa kinywa? Nawajibu kwamba mtihani huo hutaka mtoto atunge insha, aandike barua, aeleze maana ya mchezo au ya shairi. Asiyepata kupanga hoja kwa kinywa mbele ya mtu anayembishia, hupanga nini peke yake mbele ya karatasi tupu? Tena katibu wa majadiliano huandika kumbukumbu, nazo husomwa na kusahihishwa mkutano unaofuata. Sijui zoezi la kuandika lililo bora kuliko hilo, kwa maana wasomaji wake wote walikuwapo, nao watakataa palipo uwongo.

Wengine huogopa kwamba Kiingereza kikistawi Kiswahili kitafifia. Hofu hiyo ina heshima yake. Walakini kumbukeni karani mwenzenu Shaaban Robert, aliyezaliwa 1909 na kufariki 1962. Aliingia kazi katika idara ya forodha mwaka 1926, akatumikia ofisi za Serikali miaka mingi. Kiingereza alichokipata hakikumfanya akidharau Kiswahili; alikifanya mlango. Mashairi ya Omar Khayyam wa Uajemi aliyapata kwa njia ya Kiingereza cha FitzGerald, akayatoa kwa Kiswahili mwaka 1952. Hilo ndilo sharti langu la kurudisha nyumbani. Mwenye lugha mbili ana deni; kila alichookota katika moja, aijulishe na ya pili.

Na wako wasemao kwamba walimu wenyewe huona haya kusema Kiingereza mbele ya watoto. Ni kweli, nami siwalaumu, maana wametoka katika madarasa yale yale ya kunakili. Lakini mwalimu asiyejiamini husaidiwa na njia hii kuliko na nyingine. Hana haja ya kuhutubu saa nzima. Kazi yake ni kuweka hoja, kutunza kanuni, kusikiliza na kuandika makosa matano. Akijifunza pamoja na watoto, si aibu. Aibu ni kuwaachia watoto ukimya wake kuwa urithi.

Sasa nawageukia nyinyi wanachama, maana hotuba isiyoomba kitu ni nusu ya hotuba. Vyama vya watumishi wa Serikali Waafrika vina historia katika jambo hili. Martin Kayamba, karani wa Tanga, ndiye aliyeanzisha chama cha watumishi hao mwaka 1922. Na mwaka 1931 yeye ni mmoja wa Waafrika watatu wa Tanganyika walioitwa London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Karani alipelekwa kusema kwa niaba ya wasioweza kufika. Nyinyi mu warithi wa kazi ile. Kila siku mkulima huja dirishani kwenu na karatasi ya Kiingereza asiyoijua, ya hospitali, ya mahakama au ya benki, naye hutazama uso wenu kujua kama ni habari njema au mbaya. Mwaweza kuifanya lugha hiyo ukuta wa kumzuia, au daraja la kumpitisha. Mtoto wenu huwatazama aone mnafanya lipi.

Basi naomba mambo manne. Kwanza, kila siku ya majadiliano waje wanachama wawili kuwa waamuzi, na mmoja wao awafundishe makatibu wetu kuandika kumbukumbu za mkutano. Kazi hii mnaijua kwa mazoea, nasi twaisoma vitabuni tu. Pili, magazeti ya Kiingereza na ya Kiswahili mliyokwisha kuyasoma msiyafungie sukari. Yaleteni shuleni, maana mtoto asiye na habari hana hoja. Tatu, nyumbani muulize mtoto, "Leo mmebishana nini?" Mwacheni awaeleze kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza, na akikosea msimcheke. Kicheko cha baba huingia ndani kuliko kiboko cha mwalimu. Ndugu zetu wa Nkinga, Puge na Ndala nao wapelekewe maneno haya katika gazeti letu, ili shule zetu siku moja zipate kushindana kwa hoja kama zishindanavyo kwa mpira.

Nne ni vile vitanda. Msichana yule yu kidato cha tatu sasa, na wako wengine nyuma yake watembeao kama alivyotembea. Chumba kimepatikana kwa sababu ya maneno. Vitanda havipatikani kwa maneno, vyataka mbao, misumari na fundi. Chama hiki kikikubali kuchangia, nitamwomba yeye mwenyewe aje kuwashukuru, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, nanyi mtahukumu kama fedha ya wazazi wa Ziba imenunua kitu.

Nimekwisha, Bwana Mwenyekiti. Nangoja maswali, nayo na yaulizwe kwa lugha yo yote ambayo mwulizaji ataona jambo lake limo.